Adrian Atiman, Katekista Daktari Aliyekuja kama Mgeni

Tumekuwa na desturi ya kuwaletea maisha ya watu waliotutangulia katika imani. Safari hii hatuleti mtakatifu aliyetangazwa na Kanisa, wala askofu, wala padre. Tunaleta habari za mlei, baba wa familia, aliyekaa Karema kando ya Ziwa Tanganyika kwa zaidi ya miaka sitini akihubiri asubuhi na kufunga vidonda mchana. Waamini wa Sumbawanga wanalisikia jina lake kila siku kwa sababu hospitali ya jimbo inaitwa Dk. Atiman. Mapadre wanaopita Dar es Salaam wanalala Atiman House. Ila tulipouliza darasani Atiman alikuwa nani, zaidi ya nusu walidhani ni mzungu.

Kilichotusukuma kumwandika ni Chapwa. Baadhi yetu tulipelekwa Tunduma wakati wa likizo kwa kazi za kichungaji, na Chapwa ni moja ya kata za mji ule. Anayepajua anajua jinsi palivyo: malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, yamejipanga barabarani, na kuzunguka malori hayo kuna maisha mazima. Kuna mama lishe, wapiga debe, wabeba mizigo, wabadilisha fedha, vijana wa bodaboda, wasichana wa nyumba za wageni, wafugaji walioshuka na ng'ombe wao kutoka mikoa mingine. Wengi wamepanga chumba kimoja, na si ajabu chumba kilekile kikawa na mpangaji mwingine baada ya miezi miwili.

Katika jumuiya moja ndogo ndogo tulikutana na mama mwenye mtoto wa mwaka na nusu hivi. Tulimuuliza kuhusu kadi ya kliniki. Alicheka kwanza, kisha akaeleza. Mtoto alizaliwa upande wa pili wa mpaka, akapata chanjo za mwanzo huko, akaandikiwa kadi ya huko. Alipohamia Chapwa akaenda zahanati moja na kadi ile, akaambiwa haieleweki, arudi siku nyingine na maelezo kamili. Hakurudi. Siku ya kliniki ni siku ya biashara, na asipouza chakula siku hiyo, jioni hakuna unga. Zaidi ya hayo aliogopa kuulizwa vitambulisho, maana hata yeye mwenyewe hakuwa na uhakika karatasi zake zinamhesabu wapi. Surua hupigwa chanjo mtoto akiwa na miezi tisa, kisha tena miezi kumi na minane. Mtoto huyu hakuwa amepata hata ile ya kwanza.

Tulirudi seminari na jambo hilo moyoni. Ndipo mmoja wetu, akipekua maktaba, akakuta kwamba Atiman alizaliwa katika kijiji kinachoitwa Tundurma. Tulishtuka kidogo. Tundurma na Tunduma hazina undugu wowote, moja iko kando ya mto Niger karibu na Timbuktu, katika nchi tunayoiita leo Mali, na nyingine ni yetu hapa. Lakini jina lilitufanya tusome mpaka mwisho.

Alizaliwa yapata mwaka 1866. Akiwa bado mtoto wa kucheza nje na wenzake, alinyakuliwa na Watuareg waliokuwa wakiwinda watu, akatenganishwa na wazazi wake, na hakuwaona tena. Akavushwa jangwa la Sahara. Sisi tunaozungumza juu ya wahamiaji mara nyingi tunawafikiria watu walioamua kuhama, huyu hakuamua. Aliuzwa kama bidhaa mpaka akafika kusini mwa Algeria, na huko, karibu na mwaka 1876, Mapadre Weupe, yaani Wamisionari wa Afrika, walimnunua ili wamwache huru.

Shirika hilo lilikuwa limeanzishwa miaka michache tu kabla na Askofu Mkuu Charles Lavigerie wa Algiers, ambaye baadaye alifanywa Kardinali. Lavigerie alikuwa na wazo ambalo bado linatufikirisha sisi tunaojiandaa kwa upadre. Aliona kwamba kati ya vijana wale waliokombolewa utumwani, wengi hawangekuwa mapadre, na haikuwa lazima wawe. Alitaka wawe waganga na makatekista kwa pamoja, wenye wake na watoto. Aliamini kwamba Mwafrika mwenye ujuzi wa kutibu atafunguliwa milango ambayo mzungu mwenye msalaba atasimama nje yake. Tena alisisitiza vijana hao wasilelewe kizungu, wasizoeshwe vyakula, mavazi na vitanda ambavyo hawatavikuta waendako. Mwaka 1881 alifungua chuo kwa ajili yao katika kisiwa cha Malta, na vijana wakawa wanahudhuria masomo ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Malta.

Atiman alikuwa mmoja wao. Alibatizwa mwaka 1882. Kwa miaka kadhaa alisoma tiba katika kisiwa ambako hapana mtu aliyejua lugha ya mama yake, akijifunza kwa lugha za watu wengine. Tukihesabu, kabla hajafika miaka ishirini na tano alikuwa amekwisha kuwa mgeni katika jangwa, Algeria na Malta. Ugeni wa nne ulikuwa unamngoja.

Mwaka 1888 alipanda meli pamoja na wamisionari kuja Zanzibar. Mwaka huohuo pwani yetu iliwaka moto kwa vita ya Abushiri dhidi ya Wajerumani, hivyo haikuwa safari ya utulivu. Kutoka pwani walitembea kwa miguu na wapagazi, kupitia njia ile ya misafara ya Tabora, miezi mingi, mpaka Karema. Waliingia mwaka 1889.

Karema ilikuwa mahali pa pekee. Boma lake lilijengwa na Wabelgiji, Kapteni Cambier, mwaka 1879, kisha mwaka 1885 wakawakabidhi Mapadre Weupe. Wenyeji wa nchi hiyo ni Wabende, lakini kijiji cha misioni kilijaa watu wa kila upande. Walikuwemo watoto waliokombolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa, wanawake waliotoroka, watu wa Manyema na wa ng'ambo ya ziwa, yatima wa vita ambavyo hawakumbuki vilianza lini. Hawakuwa na lugha moja, na ndiyo maana Kiswahili kilitumika sana pale. Ng'ambo ya ziwa, Mpala, Kapteni Léopold Joubert, aliyewahi kuwa askari wa Papa, alikuwa akiwalinda wakimbizi kwa bunduki dhidi ya watekaji.

Kwa hiyo tusidhani kwamba Atiman alikuja kuwatibu wenyeji waliotulia katika vijiji vya babu zao. Wagonjwa wake wa kwanza, kwa sehemu kubwa, walikuwa watu waliong'olewa kama yeye.

Na magonjwa nayo yalikuwa yanasafiri. Njia za misafara zilizobeba pembe za ndovu na watumwa ndizo zilizobeba ndui. Mpagazi akishikwa na ndui aliachwa kando ya njia, na kijiji kilichompokea kwa huruma kilizika watu wake wiki chache baadaye. Chanjo ya ndui ilikuwepo Ulaya tangu mwisho wa karne ya 18, lakini ilivyokuwa wakati ule ilikuwa kitu chepesi kuharibika. Joto la safari ya miezi liliiua njiani kabla haijamfikia mtu wa bara. Ugumu huo haujaisha kabisa. Wahudumu wa afya wanaobeba masanduku ya barafu kwenda kwenye kambi za wafugaji bonde la Momba wanaujua.

Hapa tuseme neno moja juu ya lugha. Watu hudhani kuchanja kumekuja na sindano. Lakini neno lenyewe ni la kale zaidi: kuchanja ni kukata chale ndogo ndogo mwilini ili kutia dawa, kazi ambayo waganga wa kienyeji waliifanya kabla ya meli yoyote ya mmisionari. Zipo sehemu za Afrika ambako waganga walichanja watu kwa usaha wa ndui yenyewe ili kuwakinga, njia ya hatari lakini yenye akili. Basi watu waliokuwa wanakataa daktari hawakukataa kwa sababu wazo lilikuwa geni. Mara nyingi walitaka kujua kwanza mwenye wembe ni nani, katoka wapi, na kesho atakuwa wapi.

Atiman alijibu maswali hayo kwa namna iliyo rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Mwaka ule ule wa kufika alioa. Mke wake, Agnes Wansahira, alikuwa binti wa chifu wa Wabende. Tangu hapo hakuwa tena mtu wa misioni aliyeletwa na wazungu, alikuwa mkwe. Mwana wao Yosefu alizaliwa na kukulia pale. Atiman alijifunza lugha, alijifunza pia dawa za miti za wenyeji na kuzitumia pale zilipofaa, maana dawa kutoka Ulaya zilifika mara chache na kidogo kidogo. Alipasua, aliunga mifupa, alizalisha, alikesha na wanaokufa, na wale walioomba ubatizo aliwafundisha. Mgonjwa aliyekuwa mbali alimfuata kwa miguu au kwa mtumbwi.

Hatutaki kumfanya malaika, wala kuifanya Karema paradiso. Kijiji cha misioni kilikuwa kimbilio, lakini kilikuwa pia na amri zake. Mtu aliyekombolewa kwa fedha ya mapadre, asiye na ukoo wala shamba mahali pengine, angeweza kweli kumkatalia daktari wa mapadre? Tunadhani wengine walitii kwa kuwa hawakuwa na pa kwenda. Ni jambo la kuliangalia kwa uaminifu, kwa sababu mhamiaji wa leo naye husema ndiyo kwa mhudumu aliyevaa sare, kisha usiku anahama chumba. Ndiyo ya hofu haimpeleki mtoto kliniki mara ya pili.

Tofauti ilionekana zaidi yalipokuja malale. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huo, unaoenezwa na mbung'o, uliingia kandokando ya Ziwa Tanganyika na kuua watu wengi. Serikali ya Wajerumani ilifungua kambi za kuwakusanyia wagonjwa na kuwapa atoxyl, dawa yenye arseniki ndani yake. Iliwasaidia baadhi, wengine iliwapofusha macho. Watu wa ziwani wakaanza kuwaficha wagonjwa wao, na kwa nini wasifanye hivyo? Waliona ndugu anachukuliwa kambini akiwa mzima wa macho, anarudi kipofu au harudi kabisa. Sisi leo tunasoma hayo kwenye vitabu na kuwaita watu wale wajinga. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wanahesabu.

Wakati huo wote Atiman alikuwa pale pale. Nchi ilibadilisha wenye mamlaka: Wajerumani, kisha mwaka 1916 Wabelgiji wakavuka ziwa wakaishika Karema katika vita, kisha Waingereza. Kila serikali ilikuja na maofisa wake, madaftari yake, kodi zake, na amri mpya za afya. Watu wa Karema walijifunza sura mpya kila miaka michache, isipokuwa moja.

Mwaka 1923 mwanawe Yosefu alipewa daraja ya upadre, akawa miongoni mwa mapadre wazalendo wa kwanza wa vikariati ile. Tuliposoma hapo tulinyamaza kidogo. Mtoto aliyeibwa Tundurma, aliyepoteza baba na mama, alikuwa sasa baba wa padre katika nchi ambayo hakuijua hata kwa jina alipokuwa mdogo.

Lile chuo la Malta lilikwisha kufungwa mwaka 1896. Mpango wa Lavigerie ulitoa madaktari wachache mno kuliko alivyotumaini, na hesabu ya waliodumu katika kazi hadi mwisho ni ndogo zaidi. Wapo waliosema mpango ulishindwa. Kwa hesabu ya vichwa wanasema kweli.

Katika uzee wake alipewa nishani na Kanisa na pia na serikali, na mwaka 1946 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha masimulizi ya maisha yake kama alivyoyaeleza mwenyewe. Aliendelea kutibu kadiri mwili ulivyomruhusu. Alifariki mwaka 1956, akiwa na umri wa takribani miaka tisini, miaka sitini na saba tangu aingie Karema. Ndui aliyeikuta ikitembea na misafara ilikuwa bado haijakwisha duniani. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wake mwaka 1980.

Wasomaji wa Songwe wataturuhusu turudi kwao. Mwezi Februari 2022 Malawi ilitangaza kisa cha polio. Mwezi uliofuata watoto wa chini ya miaka mitano walipewa matone ya chanjo katika mikoa yetu ya Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma, nyumba kwa nyumba. Miaka miwili kabla, Mei 2020, Zambia ilikuwa imefunga mpaka wa Nakonde kwa muda kwa ajili ya korona, na malori yakalala barabarani. Mara zote hizo mpaka ulionekana ni mstari. Kwa anayeuza ndizi Nakonde na kulala Chapwa mpaka si mstari. Ni njia ya kwenda kazini. Kampeni ya nyumba kwa nyumba inapofika saa nne asubuhi, mama huyo yuko ng'ambo, mtoto yuko mgongoni, na mlangoni kuna kufuli. Kampeni ya ng'ambo inapofika jioni, yeye amesharudi huku. Hakuna aliyemnyima chanjo. Hakuna pia aliyemfikia.

Tuliongea na wahudumu wa afya ngazi ya jamii walioko kwenye kata. Wanaeleza vikwazo vingine vinavyojirudia: kadi iliyopotea wakati wa kuhama, baba dereva ambaye lazima aulizwe na simu yake haipatikani kwa siku tatu, uvumi kwamba sindano inaharibu kizazi, mwenye nyumba asiyetaka wapangaji wake wahesabiwe. Wapo pia vijana wa kutoka Ethiopia wanaopitishwa kisirisiri kuelekea kusini. Hao hata wakiwa na homa kali hawatoki nje, maana kwao mlango wa zahanati na mlango wa mahabusu vinafanana.

Dada mmoja kati ya wahudumu hao alitueleza jinsi anavyofanya. Hapiti na kipaza sauti. Anakula kwa mama lishe, kila siku kwa tofauti, analipa, anakaa, anauliza habari za watoto kwa majina. Yeye mwenyewe alikuja Tunduma akifuata biashara ya mume, miaka mingi iliyopita, na hakujua mtu. Sasa anajulikana mpaka kwenye mistari ya malori. Hakuwahi kumsikia Atiman; tulipomsimulia aliuliza kwanza kama yule bwana aliwahi kurudi kwao. Tukamwambia hapana, alizikwa Karema.

Yule mama mwenye kadi ya ng'ambo tulimkutanisha naye siku yetu ya mwisho. Dada aliichukua kadi, akaisoma taratibu, akamwambia tarehe zinasomeka vizuri kabisa, chanjo ni zilezile. Kisha akauliza kesho ataanza kupika saa ngapi, ili waende kliniki kabla ya hapo. Sisi gari letu liliondoka alfajiri, hatukuwaona wakienda.